Darajani na Watoto: Mpe Mtoto Kikapu na Pesa ya Kununulia

Kila likizo ya skuli inapokaribia, maswali huwa yaleyale. Mama anayevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam na watoto wake anauliza kama Darajani panafaa kwa watoto. Baba aliyeko Muscat, mzaliwa wa Vikokotoni, anataka wanawe walione soko alilokuwa akitumwa na bibi yake. Hata sisi wa hapahapa Unguja, wa Mwanakwerekwe na Tomondo, tunaulizana: twende saa ngapi, tuanzie wapi, watoto wavae nini, na kuna haja gani ya kumtia mtoto kwenye harufu ya samaki ilhali duka la jirani lina kila kitu?

Nawajibu wote pamoja, na lililo kubwa nalitanguliza: mtoto asipelekwe Darajani kutazama. Apelekwe kununua. Mtoto anayekokotwa kwa mkono na kuambiwa "ona hiki, ona kile" huchoka upesi na kuanza kulilia nyumbani. Mtoto mwenye kikapu chake, pesa yake mkononi na jambo moja alilotumwa, huyo utamtafuta wewe uondoke naye.

Soko lenyewe, kwa maneno machache

Jengo la zamani lilijengwa mwaka 1904 na likapewa jina la Estella, jina ambalo leo utalikuta vitabuni zaidi kuliko midomoni. Ni jengo refu lenye paa la vigae vyekundu, ukingoni mwa Mji Mkongwe, linatazama barabara ya Benjamin Mkapa ambayo wazee bado wanaiita Creek Road. Ndani mna samaki na nyama. Pembeni na nyuma yake, hadi kwenye vichochoro, kuna kuku, mboga, matunda, viungo, tende na mikate.

Watoto watakuuliza daraja liko wapi. Waambie hapo barabarani palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja. Mkono ule ulifukiwa karne iliyopita, barabara ikapita juu yake. Historia hiyo inatosha kwa asubuhi moja.

Angalizo kwa waliokaa mbali miaka mingi: upande wa maduka umejengwa upya miaka hii ya karibuni, na sehemu za kuuzia nazo zimekuwa zikipangwa na kupangwa tena. Usitegemee kumbukumbu ya utotoni. Siku moja kabla, muulize dereva wa teksi au mtu wa hoteli: samaki wananadiwa wapi siku hizi, na daladala zinashusha wapi? Hao wanajua.

Siku gani, saa ngapi

Nendeni baina ya saa mbili na saa nne asubuhi. Samaki wa usiku wameshafika, jua halijawa kali, na wauzaji bado wana subira ya kuzungumza na mtoto. Ikifika saa sita, joto, inzi na msongamano vinakuwa vimepanda pamoja, na mtoto mdogo hawezi kuvistahamili.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuchagua siku:

- Ijumaa. Malizeni mapema. Kuelekea sala ya adhuhuri watu wanakimbilia msikitini, meza zinafunikwa, na wewe utabaki na mtoto katikati ya haraka ya watu.
- Ramadhani. Asubuhi soko limelala. Linaamka alasiri, na hapo panakuwa na raha yake: tende, tambi, mihogo, samaki wa futari. Lakini msongamano ni mkubwa na watu wana saumu. Nenda na watoto waliokwisha kujua kusubiri, na mtoto mdogo asile wala kunywa mbele za watu. Mpe kabla hamjatoka.
- Mkesha wa sikukuu. Wadogo wabaki nyumbani.
- Masika, Machi hadi Mei. Si vibaya, ila sakafu na vichochoro hujaa maji, na maji hayo yamepita kwenye samaki na nyama. Viatu ndivyo vitakavyoamua kama siku yenu itakuwa nzuri.

Kuna jambo jingine wageni hawalijui: soko la samaki linaifuata bahari. Dagaa huvuliwa kwa taa nyakati za giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu hupungua. Pweza huwa wengi siku za bamvua, maji yanapokupwa sana na watu kwenda mbali miambani na vijiti vyao. Upepo wa kusi ukichachamaa, vyombo vidogo havitoki, na meza zinakuwa nusu tupu na bei juu. Mkiweza, usiku wa kuamkia safari mtazameni mwezi na watoto, mkisie kesho mtakuta nini. Asubuhi watajua kama walipatia.

Kabla ya kutoka nyumbani

Watoto wanywe chai na wale kwanza. Mtoto mwenye njaa halipi soko nafasi.

Kisha:

- Viatu vya kufunika vidole, vyenye soli isiyoteleza. Raba kuukuu ndizo bora. Kandambili zinateleza na kurusha maji machafu mpaka mgongoni.
- Nguo za rangi iliyokoza, zinazofunika mabega na magoti, kwa watoto wakubwa na kwa wazazi vilevile. Huu ni mji wa Waislamu na soko ni mahali pa kazi za watu. Ukiingia kwa adabu utahudumiwa kwa adabu.
- Kikapu. Mifuko ya plastiki ni marufuku. Kikapu kidogo cha ukili kwa kila mtoto kinatosha, na kinamfanya ajione ana kazi.
- Pesa ndogondogo. Noti ya elfu kumi kwa fungu la ndimu ni usumbufu kwa muuzaji, na inamnyima mtoto nafasi ya kuhesabu chenji.
- Maji ya kunywa, kitambaa kibichi na sabuni ndogo.
- Namba yako ya simu, imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, ndani karibu na kiwiko. Usiandike jina lake. Mtu asiyemjua hana haja ya kumwita kwa jina.

Gari la mtoto liache. Vichochoro ni vyembamba, sakafu ina mifereji, na magurudumu yatakwama mbele ya mtu mwenye mzigo mzito kichwani. Mtoto mchanga abebwe kwa kanga, tena mbele ya kifua badala ya mgongoni, ili uone nani anamgusa na yeye anagusa nini. Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, fikeni saa moja na nusu asubuhi, kabla watu hawajajaa, na pitieni upande wa nje kwenye matunda na viungo. Ndani penye samaki kiti kitasumbua, sitaki kukudanganya.

Kazi ya kila mtoto

Chini ya miaka minne hana kazi. Yupo kwa sababu wewe upo. Nusu saa inamtosha.

Wa miaka minne hadi saba mpe kitu kimoja anachokijua: chana ya ndizi, ndimu, nazi. Achague mwenyewe, alipe mwenyewe, abebe mwenyewe. Akichagua ndizi zenye madoa, nunueni hizohizo.

Kuanzia miaka minane hadi kumi na miwili ndiyo umri mtamu wa soko, na hapo usimbanie. Mpe orodha ya vitu vinne au vitano vya mlo mmoja mtakaoula siku hiyohiyo. Kwa mfano mchuzi wa samaki: changu mmoja, nazi mbili, nyanya, ndimu, pilipili mbuzi. Mpe pesa yenye kikomo, na umwambie wazi kwamba inayobaki ni yake. Utaona macho yanavyofunguka. Ataanza kulinganisha mafungu, atauliza bei meza tatu kabla hajatoa shilingi, atarudi kwa yule wa kwanza. Wewe kaa nyuma hatua mbili na ufunge mdomo. Kazi ngumu ya mzazi Darajani ni kunyamaza.

Vijana waliokwisha kubalehe mara nyingi huja wamenuna, simu mkononi. Usiwapangie mafungu ya ndizi. Wape chakula cha mchana kizima: wachague mlo, wanunue, na wakifika nyumbani wapike. Au wape somo moja la kupiga picha, kwa sharti la ruhusa nitakalolieleza mbele.

Njia ninayoishauri

1. Anzieni nje, kwenye matunda. Harufu ni nzuri, rangi zinavutia, mtoto anazoea kelele.
2. Ingieni kwa samaki mutazame mnada. Msinunue bado.
3. Tokeni muende kwenye viungo. Hapo mtulie.
4. Nyama na kuku, kama watoto wako wako tayari. Si lazima.
5. Rudini mkanunue samaki, wawe wa mwisho, muende moja kwa moja nyumbani.

Anayenunua samaki kwanza hutembea naye saa nzima kwenye joto, kikapu kinavuja, mtoto ananuka, na inzi wanawafuata mpaka kwenye daladala.

Kwenye samaki

Mnada ndio utakaowakaa watoto moyoni. Samaki humwagwa juu ya saruji iliyolowa, wadogo kwa mafungu, wakubwa mmoja mmoja. Dalali anasimama juu yao, anamshika jodari mkia, anamgeuza ubavu wa pili uonekane, na bei inaanza kupanda kwa haraka ambayo mgeni haishiki. Wanunuzi ni wachuuzi na wenye mikahawa, wanajuana na dalali siku zote, na kunyanyua kidevu tu kunatosha. Mtoto akizubaa kidogo, jodari ameshauzwa na mtu wa mkokoteni anamvuta.

Simameni ukutani, si baina ya dalali na wanunuzi. Watoto wasipaze sauti wala kunyoosha vidole wakati bei inatajwa. Mwambie mtoto asikilize bei ya mwanzo na ya mwisho ya samaki mmoja, kisha mtoke mkazungumze: nani kamnunua, na atamuuza wapi?

Baadaye, mezani, mfundishe kumkagua samaki kabla hajaulizia bei:

- Macho yawe maangavu na yametuna. Yaliyozama na kuingia ukungu, mwache.
- Mwombe muuzaji afunue shavu. Ndani pawe pekundu, si rangi ya udongo.
- Bonyeza nyama kwa kidole. Isiporudi, mwache.
- Nusa. Harufu iwe ya bahari.

Muuzaji hachukii kukaguliwa na mtoto. Wengi hufurahi, wakamwonyesha pono kwa rangi yake, wakamfungulia papa mdomo, wakamhesabia pweza mikono minane na ngisi kumi. Mkishanunua, mpeni kijana wa kupaa samaki, mumlipe ujira wake, na mtoto asimame mbali kwa urefu wa mkono wa mtu mzima. Magamba yanaruka, na kisu ni kikali.

Hatari za sehemu hii ni tatu na zote zinaepukika. Sakafu inateleza, basi hakuna kukimbia hata hatua moja. Samaki wana miba: taa ana mwiba mkali mkiani, na mapezi ya wengine yanachoma hata wakiwa wamekufa, basi mtoto haruhusiwi kugusa mpaka muuzaji aseme "gusa". Na wabebaji mizigo hawawezi kusimama ghafla. Mkisikia mtu anapiga kelele "Habedari!" au "Pisha!", pisheni kwanza, mkaangalie baadaye. Fanyeni mazoezi nyumbani: ukisema "habedari", kila mtoto aruke ukutani. Watacheka, lakini wakifika sokoni miguu yao itajua la kufanya.

Nyama na kuku

Hapa ndipo wazazi wengi wanaposita, na wana haki. Kuna mapaja yaliyotundikwa, kuna vichwa vya ng'ombe na makongoro mezani, na damu haifichwi. Mtoto aliyekulia mjini Ulaya au hata Dar es Salaam, ambaye nyama ameiona kwenye sahani na friji tu, anaweza kushtuka.

Mwambie kabla hamjaingia, kwa maneno ya kawaida: "Humu wanauza nyama. Utaona kichwa cha ng'ombe. Ukitaka kutoka, nibane mkono, tutatoka." Kisha timiza ahadi. Akibana, tokeni, bila kumwambia mwenzake hakuogopa. Mtoto wa miaka mitano ana ruhusa ya kutopenda bucha.

Kuku hai wasiguswe, wala mtoto asichutame karibu na matundu yao. Kuku huchinjwa hapohapo anaponunuliwa. Kama hutaki aone, pita upande mwingine. Kama umeamua aone, muwe pamoja na umweleze anachokiona. Usimwache agundue peke yake.

Kwenye viungo, msiharakishe

Hapa ningekaa asubuhi nzima. Watoto wengi wanajua pilau lakini hawajui pilau imetoka kwenye nini. Chagueni meza moja isiyo na watu wengi, msalimuni mwenyewe, mwambieni mnataka kununua kidogokidogo vitu vitano, na muombeni awaonyeshe vikiwa vizima, visivyosagwa. Kisha muulize mtoto: hiki ni sehemu gani ya mmea?

- Karafuu ni ua ambalo halijachanua. Mpe moja aitazame kwa karibu: ina kichwa cha mviringo kilichoshikwa na meno manne. Nyingi katika hizi zimetoka Pemba.
- Mdalasini ni gome.
- Manjano na tangawizi hutoka chini ya ardhi. Ukipata manjano mbichi, ivunjeni, na mtoto atembee na kidole cha rangi ya chungwa mpaka kesho.
- Iliki ni ganda lenye mbegu ndani. Afungue, ahesabu.
- Pilipili manga ni tunda la mmea unaotambaa juu ya miti mingine.
- Kungumanga ni mbegu. Muombeni muuzaji iliyo bado na utando wake mwekundu ulioikumbatia kama wavu. Utando huo ni basibasi, na unauzwa peke yake. Viungo viwili kutoka tunda moja.

Mtoto asiyejua kusoma anaweza kuucheza mchezo huu kwa pua. Mfumbe macho, mpe anuse, aseme jina.

Maonyo mawili. Mkono ulioshika pilipili usiguse jicho, na watoto husahau, basi wanawe mara tu mkitoka hapo. La pili ni la mfuko wako: zafarani haistawi Zanzibar. Ukiuziwa "zafarani" mfuko mzima kwa bei ya kutupa, umeuziwa kitu kingine chenye rangi.

Kupatana bei bila kumuumiza mtu

Mfundishe mtoto maneno haya usiku, yawe mdomoni:

"Shikamoo, bibi."
"Marahaba, mwanangu. Karibu."
"Fungu hili bei gani?"
Bibi atataja bei.
"Nipunguzie kidogo, bibi."
Akikataa: "Basi nitie nyongeza."

Pesa itolewe kwa mkono wa kulia. Chenji ihesabiwe palepale, mbele ya muuzaji, bila haraka na bila kuona haya. Na "ahsante" isisahaulike.

Sheria ni mbili. Mkishakubaliana bei, mnanunua. Kupatana na mtu kisha mkageuka mkaondoka ni kumvunjia heshima, na mtoto asijifunze hilo kwako. Na msikazane kupunguza fungu la mchicha la mama aliyeketi chini juu ya gunia. Kwake shilingi mia mbili ni kitu, kwako si kitu. Jifunzeni kupatana kwa mwenye duka la viungo, huyo anajua mchezo na anaufurahia.

Mtoto akipotea

Panga kabla, kwa sababu wakati wenyewe akili haifanyi kazi.

- Mpige mtoto picha kwa simu mlangoni, mzima kuanzia kichwani mpaka miguuni. Utakuwa na picha ya nguo alizovaa leo.
- Mkifika, mwonyeshe mahali pamoja pa kukutania, panapoonekana kwa mbali: lango kubwa la jengo linalotazama barabara linafaa.
- Mwambie: akipotea na asilione lango hilo, asimame hapohapo. Asizunguke kututafuta, na asitoke barabarani kwa hali yoyote. Magari na bodaboda ni hatari kubwa kuliko chochote kilichomo sokoni.
- Msaada auombe kwa muuzaji wa karibu aliyeketi nyuma ya meza yake, si kwa mpita njia. Mwenye meza yuko pale leo na kesho, watu wanamjua.
- Wewe ukigundua hayupo, sema kwa sauti palepale: mtoto wa miaka mingapi, kavaa nini. Usione aibu. Wauzaji watapokezana habari hiyo meza kwa meza kwa kasi kuliko miguu yako.

Mtu mzima mmoja kwa watoto wawili ni hesabu nzuri. Mmoja kwa wanne, subirini siku nyingine au mchukueni shangazi.

Kula na kunywa

Baada ya kazi watoto wanastahili kitu. Dafu lililofunguliwa mbele yenu ni salama na ni raha. Ndizi, machungwa na shokishoki mtamenya wenyewe. Vitumbua na maandazi ya moto hayana neno. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni tamu sana, lakini kwa tumbo lililotoka nje juzi, omba isitiwe barafu, na tazama miwa ilivyooshwa. Matunda yaliyokatwa na kuachwa wazi muyaache, hata kama mtoto analia.

Mtoto asiyepatana na karanga au korosho aangaliwe kwenye kashata na halua. Muulize muuzaji ndani mna nini, na asipokuwa na hakika, msinunue.

Makosa ninayoyaona kila likizo

- Kutaka kuona kila kitu. Saa moja na nusu inatosha. Ondokeni mtoto akiwa bado anataka kubaki.
- Kupiga picha kabla ya kusalimia. Watu hawa wako kazini. Omba, na ukikataliwa, shukuru na uiweke simu. Akina mama hasa, na watoto wa watu, usiwapige bila ruhusa.
- Kuziba pua na kusema "khaa!" Mtoto atakuiga, na muuzaji amesikia.
- Kumwacha mtoto abonyeze maembe kumi na kununua moja.
- Kumfuata kijana anayejitolea kukutembeza bila kukubaliana ujira. Ukimtaka, patana mwanzo. Usipomtaka, kataa kwa upole lakini mara moja tu.
- Simu kwenye mfuko wa nyuma na pochi juu ya kikapu. Wezi wapo kama penye watu wengi popote.

Mkunazini iwe siku nyingine

Wengi huunganisha Darajani na kanisa la Kianglikana la Mkunazini, kwa kuwa ni mwendo wa dakika chache. Nawasihi msifanye hivyo na watoto wadogo. Kanisa lile limejengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo, zimesimama ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Si mahali pa kuingia na kikapu cha maembe na juisi mkononi. Mtoto wa miaka kumi na zaidi anaweza kwenda, na anapaswa kwenda, akiwa ametulia, ameshiba, na wewe umejiandaa kujibu maswali yake bila kuyakwepa. Mpe siku yake.

Mnaouliza kutoka Mombasa, Nairobi na Dar

Mengi ya haya yanafaa kwenu pia. Marikiti ya Mombasa, kwenye barabara ya Digo ukingoni mwa Mji wa Kale, ina faida ya viungo: maduka yake yanamtosha mtoto asubuhi nzima, na mchezo wa gome na mbegu utauchezea hapo vizuri. City Market ya Nairobi, barabara ya Muindi Mbingu, ni jengo la miaka ya 1930 lenye ukumbi mrefu na mwanga mzuri, na maua yake ni mwanzo mwema kwa mtoto mwoga. Wauza vinyago ndani wanaita kwa nguvu, basi mwambie mtoto mapema kwamba hatulazimiki kujibu kila anayeita. Soko kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021 na likafanyiwa ukarabati mkubwa. Mtoto alitazame paa lake lililokusudiwa kukinga maji ya mvua. Lakini mitaa ya Kariakoo ina watu wengi kuliko Darajani mara nyingi, na hapo sheria ya mtu mzima mmoja kwa watoto wawili naifanya mmoja kwa mmoja.

Mkifika nyumbani

Viatu vibaki mlangoni na kuoshwa nje. Mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, kabla ya kugusa chochote. Samaki aingie kwenye barafu au chunguni papo hapo.

Kisha mtoto ahesabu pesa iliyobaki na umpe, kama mlivyoahidiana, hata kama ni nyingi kuliko ulivyotazamia. Viungo avitie kwenye chupa ndogo kavu na kuandika majina yake mwenyewe, kwa mwandiko wowote. Kama mnarejea Ulaya au Uarabuni, bebeni vikavu na vizima, kwani vizima hukaa na harufu muda mrefu kuliko vilivyosagwa, na angalieni mapema sheria za forodha za nchi mnayokwenda. Maembe na manjano mbichi mara nyingi hayaruhusiwi. Hayo yaleni hapahapa kabla ya safari.

Na anayekuna nazi ya mchuzi wa siku hiyo awe yule aliyeinunua.